Mpwa wangu wa Idaho, kwadi mbili, na injini iliyofukuzwa Marekani

Naandika kutoka Kalemie.

Wiki iliyopita nilipokea sauti kwenye WhatsApp kutoka kwa mpwa wangu anayeishi Boise, jimbo la Idaho, huko Marekani. Wengi wenu mna ndugu walio na historia kama yake: walikimbia vita, wakavuka ziwa, wakakaa miaka mingi kambini Nyarugusu nchini Tanzania, kisha wakapelekwa Marekani. Leo wana kazi, wana gari, na wameanza kupenda michezo ya wenyeji wao.

"Jambo mjomba," akasema. "Nimeona kwadi mbili za mtumba, bei karibu sawa. Moja ni Yamaha Banshee ya 2003, mipigo miwili. Nyingine ni Honda 400EX ya 2002, mipigo minne. Wewe ulikuwa fundi wa pikipiki za misheni. Nichukue ipi?" Halafu mwishoni, kama mtu anayesahau jambo dogo, akaongeza: "Kijana wangu naye anataka kuiendesha. Ametimiza miaka 12."

Kwa wasioijua, kwadi ni kama pikipiki yenye magurudumu manne manene. Unaikalia kama farasi, unaishika kwa usukani wa pikipiki, nayo inapita mchangani, matopeni na milimani. Ziko za kazi, za kubeba mizigo shambani. Alizotaja mpwa wangu ni za mchezo: nyepesi, za mbio, hazibebi hata gunia la muhogo.

Nilimjibu kwa maneno machache usiku ule. Lakini swali lake lina historia ndefu, na historia hiyo inapita hata hapa kwetu, ufukoni na barabarani. Ndiyo sababu naandika.

Kwanza tuelewane juu ya injini. Mafundi wetu husema kwa Kifaransa, deux temps na quatre temps. Katika injini ya mipigo minne, pistoni inashuka ikivuta hewa na esanse, inapanda ikivibana, inashuka tena kwa nguvu ya mlipuko, inapanda kutoa moshi. Safari nne, mlipuko mmoja. Njia za kuingia na kutoka zinalindwa na supapu, yaani vilango vinavyofunguka na kujifunga kwa zamu. Katika mipigo miwili kila pistoni inapopanda kuna mlipuko. Hakuna supapu za juu: pistoni yenyewe inafungua na kufunga matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Esanse mpya inaingia huku moshi wa zamani ukiwa bado unatoka, na hapo ndipo penye uzuri na ubaya wake wote. Uzuri: milipuko ni mara mbili, vyuma ni vichache, injini ni nyepesi na kali. Ubaya: sehemu ya esanse mpya inatoroka na moshi kabla haijaungua, na inaweza kufika robo ya esanse yote. Tena mafuta ya kulainisha yanachanganywa na esanse, yanaungua pamoja nayo. Ule moshi wa buluu mnaoujua.

Mjerumani Nikolaus Otto ndiye aliyefanya injini ya mipigo minne ikubalike, mwaka 1876, katika kiwanda cha Deutz karibu na Köln. Waingereza hawakukaa sana: Dugald Clerk, mtu wa Scotland, akatengeneza ya mipigo miwili miaka michache baadaye, na karibu mwaka 1890 Joseph Day wa mji wa Bath akairahisisha kwa kulitumia tumbo la chini la injini kama pampu. Mota nyingi za deux temps mnazozijua ni wajukuu wa injini ya Day.

Kwa muda mrefu ilikuwa injini ya watu wa kipato kidogo. Kiwanda cha DKW katika mji mdogo wa Zschopau, Ujerumani, kilichoanzishwa na Mdenmark Jørgen Skafte Rasmussen, kiliuza pikipiki za mipigo miwili kwa wingi hivi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1920 kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani katika kazi hiyo. 

Aliyebadili mambo aliishi mji huohuo, baada ya vita, wakati Zschopau iko upande wa Wakomunisti na kiwanda kinaitwa MZ. Jina lake Walter Kaaden. Alikuwa na vifaa vichache na pesa chache. Alichunguza bomba la moshi. Aligundua kwamba bomba likinenepa katikati kisha likabanwa mwishoni, wimbi la mlipuko linarudi nyuma na kuisukuma ndani ya silinda ile esanse iliyotaka kutoroka. Bomba lenye tumbo la samaki, bila kipande kinachotembea, likawa nusu ya injini. MZ, kiwanda maskini, kikaanza kuwatisha matajiri.

Mwendeshaji wake hodari alikuwa Ernst Degner. Septemba 1961, baada ya mashindano ya Sweden, Degner hakurudi nyumbani. Mke na watoto wake walikuwa wametoroshwa wakifichwa katika buti la gari. Yeye alienda Japani, kwenye kampuni ya Suzuki, akiwa na siri za Kaaden kichwani. Mwaka uliofuata, 1962, alikuwa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita 50 za ujazo akiwa juu ya Suzuki. Kaaden alibaki Zschopau. Watu wa huku kwetu tunajua maana ya kuondoka usiku na watoto bila kuaga, kwa hiyo simhukumu Degner kwa haraka. Lakini kila nikiona bomba lenye tumbo namkumbuka yule aliyebaki.

Kutoka Suzuki ujuzi huo ulisambaa Japani nzima. Kampuni moja ilisita: Honda. Mwanzilishi wake, Soichiro Honda, aliipenda mipigo minne na kuidharau ile mingine. Shikeni jambo hilo, litarudi.

Sasa tufike kwenye kwadi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wauzaji wa Honda huko Marekani walikuwa na shida: theluji ikianguka hakuna anayenunua pikipiki. Wakaomba kitu cha kuuza majira ya baridi. Mhandisi Osamu Takeuchi akajaribu vitu vingi, mwisho akatoa chombo cha magurudumu matatu yenye matairi mapana, laini, ya upepo mdogo, kinachopita juu ya theluji na mchanga bila kuzama. Kilitoka mwaka 1970, bei dola 595, injini ndogo ya mipigo minne. Kilikuwa kitu cha kuchezea ufukoni. Wakulima wakakichukua kwa kazi, vijana kwa mbio.

Na vijana wakitaka mbio, anayeuza atawapa mbio. Mwaka 1981 Honda hiyohiyo, yenye kuidharau mipigo miwili, ikatoa ATC250R: magurudumu matatu, injini ya mipigo miwili, yenye hasira. Soko lilikuwa na nguvu kuliko moyo wa mzee. Suzuki ikaleta magurudumu manne mwaka 1982, na mwaka 1985 ikatoa QuadRacer 250, mipigo miwili, ya mashindano. Honda ikajibu na TRX250R mwaka 1986. Mwaka 1987 ndio ulikuwa kilele cha wazimu: Suzuki ikatoa kwadi ya ujazo wa 500 yenye silinda moja ya mipigo miwili, na Yamaha ikachukua injini ya silinda mbili iliyotoka kwenye pikipiki yake ya barabarani, ikaiweka kwenye kwadi, ikaiita Banshee. Ndiyo hiyo anayoitamani mpwa wangu. Mabomba mawili yenye matumbo yanapita ubavuni mwake, urithi wa Kaaden wazi wazi.

Wakati huohuo hospitali zilikuwa zikijaa. Magurudumu matatu yalipinduka kirahisi: ukikata kona na uzito wako ukakaa vibaya, chombo kinakuangukia. Watu walikufa kwa mamia katika miaka hiyo ya 1980, na sehemu kubwa walikuwa watoto chini ya miaka 16, ambao wazazi waliwaachia chombo wakidhani ni baiskeli kubwa. Serikali ikashtaki. Mwaka 1988 yakafikiwa makubaliano mahakamani kati ya serikali na Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris, ya miaka 10: magurudumu matatu mapya yasiuzwe tena, wanunuzi wapewe mafunzo bure, na chombo chenye injini ya zaidi ya ujazo wa 90 kisiuzwe kwa ajili ya mtoto asiyefika miaka 16.

Nasimama hapa kwa sababu ya yule kijana wa miaka 12. Banshee ina ujazo wa karibu 350. Ile 400EX ni karibu 400. Zote mbili zinapita mpaka ule wa 90 kwa karibu mara nne au zaidi. Tukibishana juu ya mipigo tu, tunasahau kwamba kwa mtoto yule jibu ni moja kwa zote mbili.

Baada ya 1988 hofu iliingia viwandani. TRX250R ikakoma 1989, ile Suzuki kubwa ya 500 ikakoma 1990, QuadRacer nayo haikufika mbali. Banshee ikabaki karibu peke yake, ikiuzwa mwaka baada ya mwaka bila kubadilika sana, nao wapenzi wa vilima vya mchanga wakawa kama dini yake. Anayeipenda Banshee atakuambia juu ya sauti. Chini haina nguvu, unaisukuma kama mzee anayeamka, halafu mzunguko ukifika mahali fulani mabomba yanafanya kazi yao na chombo kinaruka. Niliwahi kuendesha pikipiki ya aina hiyo. Wanachosema ni kweli.

Kufa kwa mipigo miwili kulikuja kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni hewa. Jimbo la California liliweka sheria za moshi kwa vyombo vya porini katika miaka ya 1990: chombo kilichotimiza masharti kilipewa kibandiko cha kijani na kuendeshwa mwaka mzima, kisichotimiza kilipewa chekundu, na mahali pengi kiliruhusiwa kwa majira tu. Mwaka 2002 serikali kuu ikatoa sheria yake kwa nchi nzima, ianze polepole kuanzia vyombo vya mwaka 2006. Injini inayomwaga robo ya esanse yake angani haingeweza kupita mlango huo bila mitambo ya bei kubwa. Vya mashindano tupu viliachwa nje ya sheria, lakini duka haliishi kwa wanamashindano.

Upande wa pili ulikuja kutoka uwanja wa mbio. Kanuni za mashindano ya pikipiki za matopeni ziliruhusu injini ya mipigo minne iwe na ujazo karibu mara mbili ya ile ya mipigo miwili. Kwa miaka mingi hakuna aliyeitumia nafasi hiyo vizuri. Kisha mwaka 1997, Las Vegas, Doug Henry akashinda Supercross akiwa na Yamaha ya majaribio ya mipigo minne, na mwaka 1998 pikipiki ya namna hiyo ikawa dukani. Watu husema mipigo minne ilishinda kwa ubora. Mimi nasema ilipewa mwili mkubwa mara mbili kisha ikaambiwa ipigane. Hata hivyo, ilishinda.

Kwenye kwadi, Honda ikarudi kwa imani ya mzee wake. Mwaka 1999 ikatoa 400EX, injini ya mipigo minne iliyotoka kwenye pikipiki yake ya porini, inayopozwa kwa upepo tu. Haikuwa kali kama Banshee. Ilikuwa na nguvu tangu chini, iliwaka kwa kifungo cha umeme, na haikuchoka. Ikauzwa sana. Yamaha ikafuata na Raptor 660 mwaka 2001, Suzuki na Z400 mwaka 2003, halafu mwaka 2004 Yamaha na Honda zote mbili zikatoa za ujazo wa 450 kwa ajili ya mbio kabisa. Banshee ikauzwa Marekani mara ya mwisho kama chombo cha mwaka 2006. Hakuna aliyemnyang'anya mtu kwadi yake. Sheria ilihusu zile mpya. Ndiyo maana mpwa wangu bado anaiona sokoni, tena kwa bei ambayo haishuki.

Na sisi? Kwa barabara, njia ilikuwa ileile bila sheria yoyote. Mtu mzima yeyote wa hapa anaikumbuka Yamaha AG100 ya wamisionari, wauguzi na watu wa kilimo: mipigo miwili, tangi dogo la mafuta pembeni, kigari cha mizigo nyuma. Ilitengenezwa kwa ajili ya wafugaji na wakulima, ikawa pikipiki ya maendeleo ya Afrika nzima. Nilizifungua nyingi kwenye karakana ya misheni. Silinda unaitoa kwa funguo mbili tatu, unabadili pistoni na pete zake, jioni inaondoka. Leo wamotari wetu wako juu ya TVS, Boxer na Haojue, zote mipigo minne. Sababu yao haikuwa hewa. Ilikuwa esanse. Mmotari anayehesabu kila lita hawezi kulisha injini inayomwaga.

Kwa ziwa ni kinyume. Mota zinazosukuma mitumbwi yetu bado nyingi ni za mipigo miwili, hasa Yamaha za nguvu 40. Huko Marekani sheria ziliziondoa madukani zile za kabureta. Kwetu zinaendelea kuuzwa mpya. Mvuvi ana sababu zake: ni nyepesi kubebwa begani hadi nyumbani usiku, na ikifa katikati ya ziwa mtu mwenye bujia na ufunguo anaweza kuifufua. Sibishani naye. Lakini asubuhi nendeni kwenye kivuko mtazame juu ya maji, mtaona ile rangi ya upinde wa mvua. Ile ndiyo robo yenyewe, esanse iliyotoroka, na watoto wanachota maji hatua chache pembeni. Fundi mmoja wa mota, mzee ninayemheshimu, nilimwonyesha jambo hilo. Akaniambia: "Mwanangu, naliona tangu nikiwa kijana. Wewe niletee ya katre tan yenye uzito huu na bei hii, nitaifunga leo." Sikuwa na la kumjibu.

Basi, nilimwambia mpwa wangu hivi. Banshee unaianzisha kwa mguu, unachanganya mafuta mwenyewe kila unapojaza, na ukikosea kipimo upande wa uchache pistoni inaganda ndani ya silinda ukiwa kasi. Ukiijua, kuitengeneza ni rahisi: vyuma vyake ni vichache na kazi ya juu utaifanya mwenyewe gereji ya nyumbani. Lakini utaifanya mara nyingi. Tena ya mtumba hujui waliotangulia waliichanganyia nini, na wengi waliipenda kwa kuikata na kuiongezea. Ile Honda inataka mafuta safi kwa wakati wake na supapu zipimwe. Ikiharibika kweli gharama ni kubwa kuliko ya Banshee, ila haiharibiki haraka. Zaidi ya hayo, nguvu yake inakuja taratibu. Ya Banshee inakuja yote mara moja, kwenye mlima wa mchanga, na wewe ni mtu wa kujifunza. Chukua 400EX. Kabla ya kulipa, iwashe ikiwa baridi, tazama moshi: ukiwa wa buluu kwenye injini ya mipigo minne, rudi nyumbani na pesa zako.

Na kijana asiguse yoyote kati ya hizo. Kwa umri wake ziko kwadi ndogo, za ujazo wa 70 hadi 90, na ile hesabu iliandikwa baada ya makaburi mengi.

Alinyamaza siku mbili. Nikadhani amekasirika, maana nilijua moyo wake uko kwa Banshee. Jumamosi akaleta picha: Honda nyekundu juu ya trela, tope bado kwenye matairi. Chini akaandika kwamba mtoto amenuna, na kwamba sasa anatafuta kwadi ya 90 na kaske mbili. Ameniuliza kama kaske ya mtumba inafaa. Nimemjibu hapana, hiyo anunue mpya.